Halii Hata Akianguka

Mpendwa Mshauri,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, na mume wangu ni mwenyeji wa mkoa huu. Tuna miaka tisa ya ndoa na hatukujaliwa kupata mtoto. Baada ya kuomba, kuhojiwa, kukaguliwa nyumba na kusubiri kwa muda mrefu, tulikabidhiwa binti wa miaka miwili na miezi miwili kutoka katika makao ya watoto alikolelewa tangu akiwa na umri wa wiki chache. Kwa sasa tunaishi naye kwa utaratibu wa malezi ya kambo, tukisubiri mahakama itoe amri ya kumwasili rasmi, na afisa ustawi wa jamii hututembelea mara kwa mara.

Hii ni wiki ya kumi na moja tangu aingie nyumbani kwetu Ipagala. Nakuandikia usiku, kwa sababu mchana sina ujasiri wa kuyasema haya hata kwa mume wangu.

Mtoto huyu hanitaki. Nikimpakata hukakamaa kama kuni na kugeuzia uso mlangoni. Lakini akija mama wa mboga ambaye hajawahi kumwona, humnyooshea mikono abebwe. Kanisani hutoka kwenye paja la mtu huyu kwenda la yule mpaka anamaliza benchi zima, na watu hunipongeza kwamba nimepata mtoto mchangamfu asiye na ubaguzi, wakati mimi nimekaa mikono mitupu. Kila mwanamke kwake ni "mama": dada wa kazi ni mama, mama wa mboga ni mama, na mimi ni mama kama wengine wote. Nyumbani humfuata zaidi dada wa kazi, na jioni humkimbilia mume wangu kwa sababu hurudi na biskuti mfukoni.

Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi ya baraza akachubuka goti mpaka damu ikatoka. Hakulia. Aliinuka, akapangusa vumbi kwenye gauni lake, akaendelea na mchezo bila kumtazama mtu yeyote. Usiku akiamka haiti mtu. Hukaa kitandani gizani akijitikisa mbele na nyuma mpaka usingizi umrudie. Juzi nilipokuwa natandika nilikuta chini ya mto wake bonge la ugali lililokauka, limeviringishwa kwenye pindo la khanga. Nilimgombeza na kulitupa. Alinitazama tu.

Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kwao Chamwino kutusaidia, na kwa kweli ana upendo, ila ndiye anayemlisha, kumbeba na kulala naye, na anashauri achapwe kidogo ili aache kuficha chakula. Anataka pia tumbadilishe jina apewe la ukoo. Wifi yangu alipotutembelea alisema mbele ya wageni kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliingia chumbani nikalia.

Mshauri, kuna siku najihisi kama yaya wa mtoto wa watu. Namwogesha, namvalisha, namlisha inapopatikana nafasi, lakini lile pendo nililolitarajia halijaja. Naogopa kumweleza afisa ustawi, asije akaona hatufai akamrudisha makao. Likizo yangu ya mwaka niliiunganisha na likizo bila malipo, nayo inakwisha wiki saba zijazo. Nifanye nini?

Mama Mmoja kati ya Wengi,
Ipagala, Dodoma.

MAJIBU

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kuniamini na jambo ambalo hujamwambia mtu.

Jina ulilojipa ndilo linalonionyesha shida ilipo. Katika makao ya watoto, hata yale yenye walezi wema na wenye huruma, mikono huja kwa zamu: wa asubuhi huondoka saa nane, wa mchana huondoka jioni, wa usiku huwa na watoto wengi kuliko anavyoweza kuwabeba, na wengine huacha kazi wasionekane tena. Binti yako ameishi hivyo kwa miaka miwili na amejifunza somo lake vizuri, kwamba mkono wowote unaopita unapaswa kushikwa haraka kabla haujaondoka. Ndiyo maana anamnyooshea mikono mama wa mboga. Watu wa kanisani wanauona uchangamfu, nami siwalaumu, lakini mtoto wa umri huo mwenye mtu wake humkimbilia mtu wake anapomwona mgeni, huficha uso magotini pake, kisha huchungulia. Binti yako hana mahali pa kuchungulia kutoka. Na kilio ni wito: mtoto hulia kwa sababu anatarajia kuna atakayekuja. Aliyelia mara nyingi gizani pasipo kuja mtu hujifunza kunyamaza na kujibembeleza mwenyewe kwa kujitikisa.

Kwa hiyo mtoto hakukukataa wewe. Bado hajajua kwamba katika dunia hii mtu anaweza kuwa na mama mmoja, na hilo ndilo mtakalomfundisha.

Linafundishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini Bucharest nchini Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi, mkubwa wao akiwa na miezi 31. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa katika familia za malezi, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya wakati ule. Waliopata familia walijenga uhusiano wa karibu na walezi wao na lugha yao ikakua kuliko ya wenzao, na kadiri mtoto alivyohamia mapema ndivyo alivyonufaika zaidi, ingawa kwa baadhi yao tabia ya kumkimbilia mgeni ilichukua muda mrefu kuisha. Binti yako amekuja kwenu akiwa na miezi 26. Muda bado upo upande wenu.

Sasa nakuomba uhesabu umri wa mtoto huyu kwa namna nyingine. Kwa kadi ya kliniki anakaribia miaka miwili na nusu, lakini nyumbani kwako ana wiki kumi na moja. Ni mchanga. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji kuelezwa arobaini ni nini. Mzazi hukaa ndani na mwanawe. Wanaokuja huja na supu na uji, wengine hufua, wengine huteka maji, na mtoto hazungushwi mikononi mwa kila anayepiga hodi. Mwanamke aliyejifungua hupewa siku hizo bila kuziomba. Wewe hukupewa, kwa sababu mtoto wako aliingia akitembea kwa miguu yake, na kila mtu akadhani yuko tayari kwa wageni.

Ichukueni arobaini yenu sasa, na ya pili baada yake, yaani siku 80 kwa jumla. Ya kwanza itatimia kabla likizo yako haijaisha. Katika muda huo kumlisha, kumwogesha, kumlaza na kumbembeleza anapoumia kuwe kazi yako na ya mume wako peke yenu, na sehemu kubwa iwe yako. Watu wengine wote wampende kwa macho, kwa maneno na kwa mchezo. Anaweza kutoa shikamoo, anaweza kuchezewa kwenye mkeka, lakini akinyoosha mikono abebwe, aliye karibu ainame amwambie kwa upole, "Mama yako yule pale, twende kwa mama," na amlete kwako. Kanisani kaeni benchi la nyuma karibu na mlango kwa miezi hii, na asitoke mapajani mwako au mwa baba yake. Hata akipewa pipi na mtu mwingine, ipitie mkononi mwako. Najua hili linakwenda kinyume na desturi yetu ya kumhesabu mtoto kuwa wa wote, desturi ninayoiheshimu kwa dhati, lakini mtoto aliyekuwa wa wote kwa miaka miwili anahitaji kwanza kuwa wa mtu.

Kuhusu mama mkwe, jambo hili asilianzishe mke. Ni wajibu wa mume wako kukaa na mama yake jioni, baada ya salamu na chakula, na kumweleza kwa heshima: "Mama, huyu mtoto kwetu bado ni mchanga, na mke wangu ni mzazi wa wiki kumi na moja. Tunaomba utusimamie kama ulivyowasimamia wanao wengine walipojifungua." Ombi la namna hiyo linampa cheo, halimnyang'anyi kitu. Apike mlenda na ugali wa uwele mle wote, asimulie hadithi kwa Kigogo mtoto akiwa amepakatwa na wewe, amwamkie kila asubuhi kwa "mbukwa" mpaka mtoto aizoee sauti yake. Na wageni wakibisha hodi, yeye ndiye awapokee na kuwaeleza kwa nini mtoto habebwi. Sijaona mtu anayeweza kulisema hilo na likakubalika kama bibi wa mtoto mwenyewe. Usiku, mtoto ahamie chumbani kwenu.

Dada wa kazi usimwondoe. Najua wivu unaouma pale mtoto anapomfuata jikoni, lakini kumwondoa leo ni kumwongezea mtoto mkono mwingine uliopotea. Badilishaneni kazi tu: yeye achukue jiko, nguo na usafi wa nyumba, wewe uchukue mtoto. Akimfuata jikoni, nenda nawe ukakae hapohapo, umenye viazi mtoto akiwa katikati ya miguu yako.

Mwili wake hauujui mwili wako, na kumkumbatia uso kwa uso kwa nguvu kutamtisha. Mbebe mgongoni. Mfunge kwa kitenge baada ya kuoga, dakika tano za kwanza, kisha kumi, ukifanya kazi ndogo na kuimba wimbo uleule kila siku. Mgongoni hatazamwi, hadaiwi tabasamu, anasikia tu joto lako na sauti yako ikipita kifuani. Kipindi hiki cha upepo na vumbi ngozi za watoto hapa Dodoma hukauka, basi mpake mafuta asubuhi na jioni bila haraka, kuanzia miguuni, ukimtajia kila kiungo unachokipaka. Siku moja utaona ule ukakamavu umelegea kwenye bega moja. Usishangilie kwa sauti, endelea kupaka.

Akianguka, usisubiri alie. Nenda kila mara, hata kama ameshainuka, mshike pale palipoumia, mwambie, "Umeumia, mama yuko hapa," puliza, mpanguse vumbi wewe kabla hajajipangusa. Usiku ukisikia kitanda kinatikisika, ndicho kilio chake hicho. Weka godoro lake ubavuni mwa kitanda chenu, neti ikiwa imechomekwa vizuri, unyooshe mkono na kumgusa mgongoni mpaka atulie. Mume wako achukue usiku mmoja kati ya miwili, kwa sababu mama asiyelala hawezi kuwa mpole asubuhi. Na zile biskuti za mfukoni azikabidhi kwako mlangoni. Mtoto akimpokea baba, apokee mikono yake na dakika ishirini za mchezo.

Ule ugali uliokauka ulinigusa moyo. Nilipomchukua mtoto wa marehemu mdogo wangu, akiwa na miaka mitatu, alikuwa akificha karanga ndani ya kiatu, nami kwa miezi kadhaa nilizikuta kila nilipomvalisha. Mwanzoni nilizitupa kama ulivyofanya, naye akatafuta maficho ya mbali zaidi. Baadaye nilimpa kikopo chenye mfuniko, nikamwambia ni chake, na nikawa nakijaza mbele ya macho yake kila jioni. Siikumbuki siku alipoacha kukiangalia. Mpe binti yako bakuli dogo lenye mfuniko, ndizi au kiazi au kipande cha mkate kikae ndani, liwe mahali anapolifikia, wala lisiwe zawadi ya tabia njema. Mlishe mara tano kwa siku kwa saa zilezile. Asichapwe kwa hili, wala kwa jambo jingine lolote, na asifungiwe chumbani peke yake kama adhabu. Mama mkwe ana nia njema, lakini fimbo itamthibitishia mtoto kwamba mkono wako nao ni wa kukwepwa.

Nguo alizokuja nazo, kama bado zipo, usizigawe. Gauni moja au shuka lenye harufu ya kule alikotoka liache karibu na godoro lake bila kulifua kwa siku chache, maana alihamishwa siku moja kutoka katika kila harufu aliyoijua. Na jina lake ndicho kitu pekee alichokuja nacho ambacho ni chake mwenyewe. La ukoo liongezeni mbele ya safari, wakati wa taratibu za mahakama, lakini nyumbani aitwe lile analoligeukia. Mpeleke pia kliniki na kadi yake, mkahakikishe amepata chanjo zote mbili za surua na rubela, ile ya miezi 9 na ile ya miezi 18, pamoja na matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, na mwombe mhudumu aangalie masikio na usikivu wake.

Afisa ustawi mweleze ukweli, na umweleze mapema. Kazi yake ni kuona kama mtoto anatunzwa na kama walezi wanamwelewa, na mambo uliyoniandikia anayafahamu, kwa kuwa watoto wengi waliotoka makao huyaonyesha. Mlezi anayesema "hapa nimekwama, nisaidieni" anamwonyesha kwamba anamtazama mtoto kwa makini. Anaweza pia kukuulizia kwa walezi wa makao wimbo waliomwimbia, alivyopenda kulala, alichokula kwa furaha. Mambo hayo madogo huwezi kuyapata kwingine.

Sasa nirudi kwako. Kujihisi yaya wa mtoto wa watu hakukufanyi kuwa mama mbaya, kwa sababu hata wanawake waliojifungua wako wanaokaa wiki nyingi na kichanga wasichokihisi kuwa chao. Umempokea mtoto ambaye hakukupa tabasamu wala kilio cha kukuita, vitu viwili vinavyouamsha moyo wa mzazi, nawe umeendelea kumwogesha na kumvalisha siku zaidi ya sabini. Mweleze mume wako yote uliyonieleza mimi, leo usiku, kabla hajalala. Ukiona huzuni haiondoki kwa wiki mbili mfululizo, usingizi umekukimbia hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali bila kuchelewa. Wenyeji wa hapa tukisikia Mirembe tunanong'ona, na kunong'ona huko kumewafanya wengi waumie peke yao. Ni hospitali ya afya ya akili, na mama aliyechoka ana haki ya kuingia pale kama anavyoingia mwenye malaria kwenye zahanati.

Na maneno ya wifi yako nimeyafikiria sana. Ulipoliona goti lile likitoka damu na mtoto asilie, wewe ndiye uliyeumia. Uchungu wa methali hiyo ndio huo, na yeye hakuwepo kuuona.

Limebaki suala la kazi. Kama ofisi itakuruhusu, rudi kwa nusu siku katika wiki ya kwanza, na usimpeleke kituo cha kulelea watoto mchana mwaka huu, maana kwake kitafanana mno na kule alikotoka. Abaki nyumbani na mtu mmoja tu, dada yuleyule. Anza mazoezi mwezi mmoja kabla: toka kwa robo saa, kisha saa moja, na kila mara umuage. Wengi wetu huwatoroka watoto kupitia mlango wa nyuma ili wasilie, na kwa mtoto huyu hilo lingekuwa kosa kubwa, kwa sababu ndivyo watu wote wa maisha yake walivyoondoka. Mvalishe mabegani khanga uliyolala nayo, mwambie "Naenda kazini, nitarudi jua likizama," ukirudi sema "Nimerudi, nilikwambia nitarudi," hata kama hakugeuza kichwa.

Itafika asubuhi utakayofungua geti na kusikia kilio nyuma yako. Usimkemee, wala usirudi mbio kwa hatia. Piga magoti palepale getini, mfute machozi kwa pindo la khanga ile, mwambie saa utakayorudi, kisha uende. Ukifika kazini, kabla ya kufungua faili lolote, niandikie.